Chanjo ilikuja saa nne asubuhi, sisi wa usiku tumelala

Ndugu Mhariri,

Juma lililopita msomaji wenu mmoja aliandika katika ukurasa huu kwamba wahudumu wa nyumba za wazee wanaokataa chanjo, hasa sisi tulioko Marekani, ni watu waliovimbiwa, na dawa yao ni kufukuzwa kazi. Naomba nafasi kidogo nimjibu. Sina ugomvi naye. Ila nilikuwa mmoja wa hao waliokataa, na hao waliofukuzwa nilikuwa nao zamu moja.

Mimi ni mtu wa Korogwe. Nilifundisha hesabu shule ya msingi miaka tisa kabla ya kuja Columbus, Ohio, ambako mpaka leo nafanya kazi ambayo huko nyumbani mnaiita kubeba maboksi. Boksi langu ni wazee. Naingia saa tano usiku, natoka saa moja asubuhi. Nawageuza wasioweza kujigeuza kila baada ya saa mbili, nabadilisha nepi, nanywesha maji, namshika mkono anayeamka saa tisa usiku akimtafuta mume aliyekwishazikwa miaka mingi. Usiku mmoja naingia vyumba kumi na tano. Nikiwa na virusi, navitembeza vyumba vyote kumi na tano, na mzee aliyelala kitandani hana pa kunikimbia. Hilo nalijua kuliko mwandishi wa barua ile, maana Novemba 2020 korona iliingia kwetu, na haikuletwa na wazee. Wazee walikuwa hawatoki hata uani. Tuliileta sisi.

Sasa sikilizeni jinsi chanjo ilivyofika. Serikali ya Marekani ilikuwa imeyapa maduka makubwa ya dawa, CVS na Walgreens, kazi ya kupeleka chanjo kwenye nyumba za wazee, kila nyumba mara tatu, na kazi hiyo ilianza Desemba 2020. Mpango mzuri. Wazee wenyewe hawakuleta shida: katika mwezi wa kwanza, kwenye nyumba ya wastani, karibu asilimia 78 ya wazee walichanjwa. Wafanyakazi walikuwa asilimia 37.5. Na hapa Ohio, tarehe 30 Desemba, Gavana Mike DeWine alisimama akasema asilimia 60 hivi ya wafanyakazi wa nyumba za wazee walikuwa hawataki, naye jambo hilo linamsumbua. Mwezi uliofuata nami nikahesabiwa kundi hilohilo, na nataka kusema niliingiaje humo.

Watu wa chanjo walikuja kwetu Januari, saa nne asubuhi. Mimi saa mbili nilikuwa nimekwisha oga na kulala. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya utawala, ambao sisi wa usiku tunaukuta umefungwa tukiingia na umefungwa tukitoka. Siku ya pili msimamizi alipita na orodha, mbele ya majina yetu karibu wote pameandikwa neno moja: amekataa. Mwalimu wa hesabu hawezi kuiacha hiyo ipite. Aliyekataa ni mmoja, aliyekuwa kitandani kwake ni mwingine, na aliyekuwa zamu ya pili kwenye nyumba nyingine ya wazee, maana wengi wetu tunafanya kazi mbili, ni wa tatu. Wote wakawekwa kapu moja, na kapu likapelekwa juu.

Lakini nisijisafishe. Hata wangenikuta macho, ningekataa. Kaka yangu alikuwa akinitumia sauti kwenye WhatsApp kila siku, na tarehe 27 mwezi huohuo Hayati Rais Magufuli alisema pale Chato kwamba chanjo hazifai, kwamba kama Wazungu wangeziweza basi ya ukimwi ingekuwa imepatikana zamani. Mtu akiwa ughaibuni, sauti ya rais wake ina uzito ambao nesi wa Kimarekani hawezi kuupata kwa kubandika picha ukutani. Tena kulikuwa na ule uvumi kwamba chanjo inamaliza nguvu za kiume. Mnacheka, lakini mimi nilikuwa kwenye makaratasi ya kumleta mke wangu baada ya miaka minne, na sikutaka afike akute mgeni.

Jambo zito zaidi lilikuwa homa. Wenzetu hospitalini walisema sindano ya pili inalaza mtu siku moja, nyingine mbili. Kwetu usipoingia kazini hulipwi, na ukikosa mara tatu unaitwa ofisini. Usiku mbili bila malipo ni robo ya kodi ya nyumba. Hakuna aliyeniuliza kuhusu kodi. Walinipa karatasi inayoeleza protini ya kirusi.

Aliyetubadilisha alikuwa nesi wetu wa usiku, mama wa Kighana, mnene, mwepesi wa kucheka. Hakuhutubia. Saa nane usiku, wazee wakiwa wametulia, alikaa nasi chumba cha chai na kumuuliza kila mtu, unaogopa nini hasa? Mimi nilimwambia la homa, la nguvu za kiume nikalimung'unya. Alilisikia hata hivyo. Akasema mume wake amechanjwa wiki tatu zilizopita, na kama nataka ushahidi nimpigie simu mwenyewe, lakini si usiku huu kwa sababu yeye mwenyewe ana malalamiko mengine. Tulicheka mpaka kengele ya chumba cha mwisho ikatuamsha. Kisha akaenda kwa mkurugenzi akaomba mawili: timu ya chanjo ikija mara ya pili ianze saa kumi na mbili asubuhi, kabla hatujatoka, na atakayepata homa alipwe siku yake. Mkurugenzi alikubali la kwanza palepale. La pili lilichukua siku kumi na barua.

Februari nilichanjwa nikiwa bado na glavu mfukoni. Wenzangu wengi wa usiku walinifuata. Homa niliipata, usiku mmoja, nikalipwa. Mke wangu alifika 2022, na hajaleta malalamiko.

Baadaye zikaja njia nyingine. Mei 2021 Ohio ilianzisha bahati nasibu, dola milioni moja kwa mtu mmoja kila juma, majuma matano, kwa waliochanjwa. Sikushinda. Novemba mwaka huo serikali kuu ikatoa amri ya lazima kwa wafanyakazi wa nyumba zote zinazolipwa na bima za serikali, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikairuhusu Januari 2022. Hapo ndipo penye dawa ya msomaji wenu, kwa hiyo nisimwonee: amri ilifanya kazi. Karibu kila mtu alichanjwa. Ila kwetu wawili waliondoka, mmoja wao ndiye pekee aliyekuwa akiweza kumlisha babu wa chumba cha kumi na moja bila kupaliwa. Walikwenda kwenye maghala ya mizigo ambako mshahara ni mkubwa zaidi na hakuna anayeuliza sindano. Vyumba vyao tukagawana tuliobaki.

Amri ikafutwa Agosti 2023. Msimu uliofuata, nchi nzima, wafanyakazi wa nyumba za wazee waliopata chanjo mpya ya korona walikuwa asilimia 10 na ushei. Ya mafua asilimia 45, wakati hospitalini ilikuwa 80. Watu walewale waliokuwa wamechanjwa karibu wote kwa kulazimishwa. Mtu uliyemlazimisha bila kumsikiliza anasubiri siku utakayogeuka.

Kwa nini nang'ang'ania wafanyakazi, wakati wazee wenyewe wanachanjwa? Kwa sababu mwili wa mzee ni mkaa uliolowa, kibiriti kimoja hakiuwashi. Ndiyo maana kuna chanjo za mafua zenye nguvu zaidi kwa waliofikisha miaka 65, mojawapo ina mara nne ya kiini cha ile ya kawaida, na bado wengine haiwashiki vya kutosha. Yule mama nesi alinipa karatasi ya utafiti wa Scotland, hospitali 20 za wazee, majira ya baridi ya 1996 na 1997. Hospitali ambazo wafanyakazi walipelekewa chanjo ya mafua, nusu yao waliichukua, na wagonjwa waliokufa walikuwa asilimia 13.6. Kwingine, ambako ni wafanyakazi watano tu kati ya mia waliochanjwa, walikufa 22.4. Wako wataalamu waliosema baadaye kwamba tofauti hiyo ni kubwa mno, mafua peke yake hayawezi kuifanya, nami nikipiga hesabu naona wana hoja. Lakini hata ukiipunguza nusu, bado ni watu niliowageuza vitandani.

Na hao wazee wanaosemwa wanachanjwa, nao wana vikwazo vya kipuuzi. Bima yao ya serikali ina mifuko miwili. Mafua, nimonia na korona zinalipwa na mfuko mmoja, nesi anachoma, basi. Mkanda wa jeshi na RSV, kirusi kinachoshambulia mapafu, ambacho chanjo yake ilianza kutolewa 2023 na sasa inapendekezwa kwa kila aliyefikisha 75, zinalipwa na mfuko wa dawa, kupitia duka la dawa. Kwetu mzee mmoja alikaa miezi mitatu akisubiri RSV kwa sababu ya karatasi tu. Kisha kuna waliopoteza kumbukumbu, ambao ruhusa yao iko kwa mtoto aliyeko jimbo lingine na simu haipokei. Ofisi yetu ilikuwa ikipiga mara moja, saa za kazi, asiyepokea anaandikwa amekataa. Mnaona neno hilo linavyorudi? Siku hizi mimi ndiye ninayepiga, saa mbili usiku kabla ya zamu, na wengi wanapokea. Mmoja alilia, akasema hakujua kama kuna mtu bado anamwuliza kuhusu baba yake.

Nawaandikia ninyi, si gazeti la Columbus, kwa sababu sauti zinazotufikia WhatsApp zinatoka huko. Rais Samia alipochanjwa hadharani tarehe 28 Julai 2021, kaka yangu alinitumia picha bila neno lolote, na kuanzia siku hiyo hajanitumia sauti nyingine. Tena huko nako kuna wazee wa makao ya Kolandoto, ya Njoro, ya Welezo, na wengi zaidi walio majumbani wakitunzwa na binti wa kazi. Mama yangu ni mmoja wao. Binti anayemtunza anatoka kila asubuhi sokoni kabla ya kumwogesha, na sijawahi kumwuliza yeye binti amechanjwa nini, ingawa namtumia hela kila mwezi na nauliza habari za mama, za kuku na za paa linalovuja. Jumapili nitampigia yeye, si mama.

Msomaji wenu akitaka kuendelea na hoja ya kufukuza, aendelee. Namwomba tu kabla ya kuandika tena apite nyumba moja ya wazee saa nane za usiku, awaulize waliopo chanjo ilikuja saa ngapi, na siku ya homa ililipwa na nani.

Watu wetu wa chanjo msimu huu wanakuja Alhamisi, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi. Orodha iko chumba cha chai, karibu na birika. Mimi ni wa pili. Wa kwanza ni mzee mwenzangu kutoka Haiti, aliyekuwa ameandikwa amekataa miaka mitatu mfululizo, kumbe alikuwa akifanya kazi mchana kwingine.

Wenu,
Mbeba boksi wa usiku, Columbus, Ohio
(Jina limehifadhiwa)