Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu, Dodoma

Ndugu wanachama,

Namshukuru Mungu kwa kutukutanisha tena, ingawa viti vilivyobaki wazi ni vingi kuliko vilivyokaliwa. Shughuli za mwaka mnazijua: mafunzo ya Linux (mfumo huria wa kuendesha kompyuta) kwa vijana, matengenezo ya kompyuta za shule, ziara ya Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), na rambirambi kwa wenzetu waliofiwa. Zote zilikwenda vizuri.

Suala linalohitaji maelezo ni uamuzi wa kamati kukataa programu ya kulipia ya usimbaji fiche, yaani kugeuza taarifa zisisomeke bila ufunguo, na badala yake kulinda kumbukumbu za wateja wetu kwa programu huria, ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote. Kwenye kundi la WhatsApp imesemwa kwamba mwenyekiti anatuingiza kwenye kesi ya hataza, yaani haki ya mbunifu kuzuia wengine kutumia ubunifu wake. Maneno hayo yalianzia kwa muuzaji, aliyetaka tumlipe milioni 2 na nusu kila mwaka. Wapo waliomwamini yeye kuliko kiongozi waliyemchagua wenyewe.

Hofu yenyewe ina asili, sikatai. Leseni ya programu huria hutolewa na aliyeiandika, ilhali hataza ya njia ya kusimba iliyotumika ndani yake yaweza kuwa ya mtu ambaye hakuandika hata mstari mmoja. RSA, mojawapo ya njia hizo, ilikuwa na hataza Marekani tangu 1983 hadi Septemba 2000. Nje ya Marekani haikuwa nayo, kwa sababu wabunifu waliitangaza njia yao mwaka 1977 kabla ya kuomba ulinzi. Kwa hiyo programu ileile ilikuwa halali nchi moja na yenye mgogoro nchi nyingine. IDEA, njia nyingine, nayo ilikuwa mali ya kampuni ya Uswisi, Ascom, na waandishi wa GnuPG, programu huria ya usimbaji, waliiacha nje mpaka hataza ilipoisha, wakairudisha 2012. Fedora, watoaji wa toleo mojawapo la Linux, nao walizima usimbaji wa mikunjo ya duaradufu, aina nyingine ya njia, kwa miaka kwa hofu hiyohiyo, wakaufungua 2013.

Sasa, sisi tumetumia njia iitwayo AES. Taasisi ya viwango ya Marekani ilipoitisha shindano la kuitafuta, sharti mojawapo lilikuwa kwamba njia itakayoshinda itumike bure duniani kote. Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, wakashinda, na kiwango kikatangazwa 2001. Muuzaji nilimuuliza mbele ya kamati: programu yako inatumia njia gani ndani? Akajibu AES. Mhazini alikuwapo, mwulizeni. Tungelipa milioni 2 na nusu kwa kitu kilekile, na nasema bila kujisifu kwamba bila swali langu fedha hizo zingeshatoka.

Waliouliza kuhusu leseni yenyewe: GPL, leseni ya programu huria, toleo la 3, ya 2007, inambana anayechangia programu asije kuwadai watumiaji kwa hataza zake. Haimzuii mtu wa nje, ni kweli. Ndiyo maana tuliangalia na njia, hatukuishia kwenye leseni.

Haya yote niliyaeleza kwenye kikao cha Aprili pale Area C. Waliokuja hawakujaza benchi mbili. Wengine walikuwa Hombolo kwenye zabibu, wengine "njiani" tangu saa nne hadi tulipofunga. Wanaolalamika zaidi leo ndio hao.

Ada: tulitarajia milioni 4 na ushee, imeingia laki 9 na kidogo. Pango la ofisi peke yake limemeza laki 6. Mkopo wa printa bado upo, na nauli za mwenyekiti sijarudishiwa, lakini hilo siyo la leo.

Mwaka ujao tunatarajia, fedha zikipatikana, kuongeza mafunzo, kutafuta wafadhili na pengine kufika Kondoa na Mpwapwa. Kamati itakaa iangalie.

Mhazini yupo mlangoni na kitabu cha risiti. Naomba msipitie mlango wa nyuma kama mwaka jana.

Mwenyekiti