Neno moja limenikwamisha

Mpendwa Mwanaidi,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi hatujambo. Nisamehe kwa ukimya wa miezi yote hii. Leo nimeshika kalamu kwa sababu nina shida, na wewe ndiwe wa kunisaidia.

Muhula huu ninafundisha fasihi ya Kiingereza ya karne ya 18, nami nawatafsiria wanafunzi sehemu za kitabu cha Mary Wollstonecraft cha mwaka 1792 kuhusu haki za mwanamke. Nilidhani zitanisumbua zile sentensi zake ndefu, kumbe nimekwama kwenye neno moja, "reason", lile linalobeba hoja yake yote. Nililiandika "akili" bila kusita. Jumanne, nilipokuwa nikisoma rasimu darasani, binti mmoja anayekaa nyuma, ambaye hajapata kunyoosha mkono tangu muhula uanze, akauliza: "Mwalimu, si akili ni nywele, kila mtu ana zake?" Wenzake wakacheka, mimi nikabaki nimeshika chaki.

Maana amegusa penyewe. Wollstonecraft hakubali kwamba mwanamke ana akili zake na mwanamume zake; hiyo ni njia ya mwanafalsafa Rousseau, aliyetaka Sophie, msichana wa kitabuni mwake, alelewe ili ampendeze mumewe. Yeye anashikilia kwamba kipaji hiki ni kimoja kwa binadamu wote, kimetoka kwa Mungu, na tofauti tunazoziona zimeletwa na malezi. Ndiyo maana anawafananisha wanawake na maofisa wa jeshi, ambao nao huingizwa katika maisha ya watu kabla ya kuelimishwa, wakaishia kupenda mavazi na adabu za juujuu. Ndiyo maana pia anadai shule za kutwa zisizo na ada kwa watoto wa miaka 5 hadi 9, wavulana pamoja na wasichana, matajiri pamoja na maskini.

Nimejaribu "busara", lakini busara kwetu huja na umri, naye anamzungumzia hata mtoto. "Urazini" linafaa vitabuni, ila yule binti wa nyuma asingelipinga wala kulikubali, angelinakili tu. Nimerudi kwenye "akili", na bado moyo haujatulia. Wollstonecraft alifariki mwaka 1797 akiwa na miaka 38, siku chache baada ya kujifungua, na mumewe, William Godwin, alipochapisha habari za maisha yake mwaka uliofuata, wengi waliacha kuijibu hoja wakamsema mwenyewe. Sitaki hoja hiyo ipotee tena kwa sababu ya neno nililolichagua mimi.

Sasa niambie: marehemu babu yako alitueleza nini hasa, siku ile barazani, kuhusu asili ya neno hili katika Kiarabu na kamba ya kumfungia ngamia? Nikiandika "akili yake" kila mahali, nisiandike kamwe "akili zake", msomaji ataisikia tofauti hiyo? Au wewe una neno jingine? Na Saida amekwisha kurudi? Nijibu kabla ya Jumanne, tafadhali, kwa kuwa nimemwahidi yule binti jibu.

Wako akupendaye,
Asha