Hesabu za wazee wetu zirekodiwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna ya kuhesabu katika lugha zetu za kusini, maana naona inatutoka ilhali lugha zenyewe bado tunazisema. Hapa Newala watu husalimiana, hugombana na kubembeleza watoto kwa Kimakonde, lakini ikifika bei ya korosho au idadi ya magunia ghalani, sote tunahamia kwenye Kiswahili.

Marehemu bibi yangu alihesabu korosho mkekani kwa kuzitenga tanotano. Nne aliita ncheche, na baada ya tano hakuwa na neno jipya la sita: alisema tano na moja, kisha tano na mbili, hivyo hivyo mpaka akafika kumi. Majirani zetu Wayao nao huhesabu kwa mpango huo. Utotoni nilidhani ni uhaba wa maneno. Ni baada ya kufundisha hisabati kwa miaka mingi ndipo nilipotambua kwamba ule ulikuwa mfumo kamili, uliojengwa juu ya vidole vya mkono mmoja.

Kiswahili chenyewe kimekwisha kupitia njia hiyo ya kupoteza maneno yake ya kuhesabia. Sita, saba na tisa tumeyapokea kutoka Kiarabu. Wazee wa pwani walisema mtandatu, mfungate na kenda. Maharusi wetu bado hukaa fungate, na wengi wao hawajui kwamba neno hilo linahesabu siku saba. Hata sarufi imehifadhi alama yake: tunasema vitabu vinane, kwa kuwa nane ni neno la Kibantu linalobeba kiambishi, lakini tunasema vitabu saba na vitabu tisa, bila kuyagusa maneno hayo ya kigeni.

Ng'ambo ya Ruvuma, mwanahisabati Paulus Gerdes, aliyefariki mwaka 2014, alishirikiana na wenzake kukusanya namna za kuhesabu za lugha za Msumbiji, na kazi hiyo ikachapishwa mwaka 1993. Kimakonde kinasemwa pande zote mbili za mto, kwa hiyo sioni kwa nini upande wetu ukae kimya.

Ila orodha ya moja hadi kumi peke yake haitoshi. Mzee aulizwe anavyosema ishirini na mia, vidole anavyokunja, na jinsi neno la idadi linavyobadilika akihesabu watu, mbuzi au miti. Na sauti yake irekodiwe kwa simu. Kwa upande wa Lindi, waulizwe pia waliouza boriti kwa korija, yaani ishirini ishirini, kabla hawajaisha wote wa kuulizwa.

Naomba gazeti lako litenge kona ndogo kila wiki ambapo wasomaji wa Kimwera, Kiyao, Kimakonde na lugha nyingine wataleta hesabu za kwao. Mimi niko tayari kuanza na Kimakonde cha hapa kwetu.

Mwalimu mstaafu,
Newala, Mtwara