Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Picha Tulizopiga, Picha Tulizopoteza na Uamuzi wa Kununua Diski

Ndugu wanachama wa chama chetu cha watengenezaji filamu, wazee walezi wa chama, na wageni wetu mliovuka mpaka asubuhi hii kuja kutusikiliza, hamjambo.

Katiba yetu inanitaka kila mwisho wa mwaka niwaeleze kazi iliyofanyika, fedha zilizoingia na kutoka, na mambo ambayo Kamati Tendaji iliyaamua kwa niaba yenu. Shughuli za kawaida nitazipitia upesi, kwa kuwa wengi wenu mlishiriki, na wasioshiriki waliziona kwenye kundi letu la simu. Tulifanya warsha tatu, mbili hapa Busia, Uganda, na moja Mbale. Tulimaliza filamu fupi mbili za Kiswahili, na mojawapo tuliionyesha tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, mbele ya ukumbi uliojaa. Filamu ya tatu, ile ya wavuvi wa Majanji, haikukamilika, na sababu yake ndiyo kiini cha taarifa hii.

Hesabu kamili ataisoma mweka hazina. Kwa jumla, tuna wanachama 58 kwenye daftari. Waliolipa ada ya shilingi 60,000 ni 23, hivyo tulikusanya shilingi 1,380,000, na deni la ada ni shilingi 2,100,000. Kamera ya chama ilikodishwa mara 31 kwa shilingi 50,000, ikaingiza 1,550,000. Mfuko wa kamera mpya ulikuwa na shilingi 4,600,000 mwezi Mei. Leo una 1,890,000. Tofauti hiyo ya shilingi 2,710,000 ndiyo iliyozua maneno tangu Juni, na baadhi ya maneno hayo yalinifikia kupitia watu wa nje ya chama, jambo lililonisikitisha. Kwa hiyo naomba mnivumilie nilieleze suala hili tangu mwanzo wake.

Mwezi Februari tulikwenda Majanji, kwenye mwalo wa ziwa, kwa siku mbili. Mimi mwenyewe nilishika kipaza sauti. Siku ya pili, jua likiwa limeanza kulainika, tulimpata mzee mmoja ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, anashona wavu. Mpiga picha wetu alipiga kwanza picha ya mbali, mtumbwi na ziwa nyuma yake, kisha akasogea hadi ikabaki mikono peke yake. Kidole gumba cha mzee kilikuwa na kovu refu lililokatwa na uzi wa nailoni kwa miaka mingi, na kila alipovuta fundo, kovu hilo lilikuwa likibadilika rangi na kuwa jeupe. Alizungumza kwa takriban dakika ishirini kuhusu jinsi mukene, yaani dagaa, walivyokuwa wakivuliwa kwa taa za karabai kabla ya taa za sola. Nilikuwa nikimsikia kwenye vipokea sauti vya masikioni, na nilijua papo hapo kwamba filamu yetu imepata moyo wake.

Kadi iliyobeba picha hizo ilitolewa kwenye kamera, ikatiwa mfukoni bila kuandikwa chochote. Siku ya Jumamosi iliyofuata ilikuwa Tororo kwenye arusi, ndani ya kamera ileile, na kabla ya bibi arusi kuingia kanisani ilikuwa imefutwa yote ili kupata nafasi. Tulijaribu programu za kurejesha mafaili; tulipata vipande vya sekunde chache, vingine bila sauti, kwa sababu picha za arusi zilikuwa zimeandikwa juu ya zile za awali. Mwezi Machi mzee yule alifariki. Simtaji aliyeifuta kadi, na sitamtaja, kwa sababu kosa halikuwa lake peke yake. Chama chetu hakikuwa na mahali pa kuweka picha, wala utaratibu wa kuamua ni lini kadi inaruhusiwa kufutwa.

Tusidhani jambo hili limetupata sisi pekee. Wenzetu wa Wakaliga, Kampala, chini ya Nabwana I.G.G., walitoa mwaka 2010 filamu ya Who Killed Captain Alex?, ambayo imeitangaza Uganda duniani kuliko kazi nyingi zenye bajeti kubwa. Nakala tunayoitazama leo ni ile yenye maelezo ya VJ Emmie, msimulizi anayezungumza juu ya sauti ya filamu. Nakala ya awali, isiyo na sauti ya VJ, haipo tena, kwa kuwa kompyuta ilisafishwa ili kazi iliyofuata ipate nafasi. Sisemi hivi kuwalaumu. Walifanya maajabu kwa walichokuwa nacho. Nasema kwa sababu filamu ile ilipotea ikiwa imekamilika na ina jina, na sisi tulikuwa tukitembea na picha za mwaka mzima mifukoni, kwenye kadi zisizo na alama.

Kamati ilikutana tarehe 11 Mei na kuamua kununua diski nne za terabaiti 4 kila moja, kwa shilingi 2,080,000. Kifaa cha kuhifadhi umeme kwa shilingi 450,000, maana umeme ukikatika katikati ya kunakili, faili linaweza kuharibika. Na sanduku la chuma lenye kufuli kwa shilingi 180,000. Tulinunua pia kanuni, na kanuni haikugharimu senti: hakuna kadi itakayofutwa mpaka picha zake ziwe mahali patatu, yaani kwa mwenye kazi, ndani ya sanduku hapa Busia, na kwa katibu Tororo, kwa sababu nakala mbili zilizo chini ya paa moja huungua pamoja na huibwa pamoja.

Wapo waliosema fedha hizo zilichangwa kwa ajili ya kamera, na kwamba mwenyekiti amenunua makabati badala ya jicho. Nilikwenda Kampala mara mbili, kwa nauli yangu, kuuliza bei. Kamera ya aina tuliyoitaka haikupatikana chini ya shilingi 7,500,000, tena bila lenzi. Tungengoja miaka mingine miwili. Na hata tungeipata, kamera kubwa ingetuongezea tatizo lilelile, kwani inaandika data nyingi zaidi. Fanyeni hesabu pamoja nami: kamera inayoandika megabiti 100 kwa sekunde hujaza gigabaiti 45 kwa saa moja, kwa kuwa baiti moja ni biti nane. Kadi ya gigabaiti 64 inaisha kabla ya saa moja na nusu. Majanji tulipiga picha za muda wa saa sita, yaani gigabaiti 270, na kwa nakala tatu ni 810. Mwanachama mwenye kadi mbili anaweza kufanya nini jioni zikijaa, isipokuwa kufuta? Kwa hiyo nasimamia uamuzi ule, na ningeufanya tena kesho.

Sehemu ya pili ya uamuzi imelalamikiwa zaidi, nayo ni masharti ya upigaji kwa yeyote anayetumia kamera ya chama au anayeshiriki filamu ya chama kwa kifaa chake. Tulisema fremu 25, yaani picha moja moja 25, kwa sekunde; shata 1/50, yaani kila fremu ipokee mwanga kwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde; klapa, kile kibao kinachopigwa mbele ya kamera, kila shoti; na daftari la shoti. Baadhi ya vijana waliona tunawafunga mikono. Nawaomba wakumbuke filamu ya kibanda cha chapati.

Onyesho lile lilikuwa na watu wawili tu, muuzaji na mdeni wake, wakizungumza usiku chini ya taa ya umeme. Lilipigwa kwa vifaa vitatu. Kamera ya chama ilikuwa kwenye fremu 25; ya pili ilikuwa 30, shata 1/60; ya tatu ilikuwa simu, ambayo hubadilisha idadi ya fremu yenyewe kadiri mwanga unavyobadilika. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo mwanga wa taa nyingi hupiga mara 100 kwa sekunde, mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi. Shata ya 1/50 hupokea mipigo miwili kamili katika kila fremu, na mwanga hutulia. Shata ya 1/60 hupokea mpigo mmoja na sehemu ya wa pili, na ukuta wote wa kibanda ulikuwa ukipwitapwita kama homa. Kushusha fremu 30 hadi 25 kulimlazimu mhariri kuondoa fremu moja katika kila sita, na mkono wa muuzaji uliokuwa ukigeuza chapati ukawa unarukaruka. Sauti ya simu ilianza sawa na midomo, ikaachana nayo kadiri shoti ilivyoendelea, na kwa kuwa hapakuwa na klapa, hapakuwa na mahali pa kuanzia kuzipatanisha: kofi la kibao huacha alama moja kwenye sauti na fremu moja kwenye picha, na mhariri huviweka pamoja kwa dakika moja.

Si hilo tu. Mpiga picha wa pili alivuka mstari. Kati ya watu wawili wanaozungumza upo mstari wa kuwaziwa, na kamera zote zinapaswa kubaki upande mmoja wake, ndani ya nyuzi 180. Alipouvuka, muuzaji na mdeni wake wakawa wote wanatazama kulia, kana kwamba wanamsemesha mtu wa tatu. Hapakuwa na picha ya kuunganishia hata moja, si ya moto, si ya sarafu juu ya meza, si ya mayai yanayovunjwa, ambayo ingetuwezesha kuficha mruko huo. Mhariri wetu alikesha siku tatu, nami nilikaa naye siku zote tatu. Ninazo picha za saa nne kwa onyesho la dakika tatu, na dakika mbili tu ndizo zilizokubali kuungana.

Najua kwa nini picha za kuunganishia husahaulika. Hapa kwetu, karibu na ikweta, jua huzama kwa haraka na mwanga laini wa jioni haukai. Mchana nao jua husimama juu ya utosi na kuyatia macho ya mwigizaji kivuli. Kila mtu hukimbilia uso wa mwigizaji. Lakini filamu hujengwa mezani, na mhariri hawezi kuunganisha kile ambacho hakikupigwa. Ndiyo maana tunaomba kila eneo liwe na picha ya mbali, ya kati, ya karibu, vitu vitatu vya pembeni, na nusu dakika ya sauti ya mahali penyewe watu wote wakiwa kimya.

Mwanachama mmoja aliuliza kwa nini si fremu 24 kama sinema za Marekani. Swali lake ni zuri. Kipimo cha 24 kilishika mizizi tangu filamu za sauti zilipoenea mwishoni mwa miaka ya 1920, nacho hakina ubaya. Tumechagua 25 kwa sababu kinaendana na televisheni za huku na umeme wetu, na zaidi kwa sababu kazi ya pamoja inahitaji kipimo kimoja. Anayetaka mwendo wa polepole apige 50, tutaupunguza hadi nusu bila kupoteza ulaini.

Kuhusu shutuma kwamba chama kinataka kujimilikisha kazi za watu: kuhifadhi si kumiliki. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006 inamlinda mwenye kazi, na haki yake haihami kwa sababu nakala imelala ndani ya sanduku. Diski zimefungwa kwa nywila, kila bahasha ina jina la mwenye picha, na pamoja nayo tunaweka karatasi za ridhaa za waliopigwa, maana tangu 2019 tunayo sheria ya kulinda taarifa binafsi. Mimi sina ufunguo wa pekee. Ufunguo wa pili anao makamu.

Sasa nataja mahudhurio, ingawa yananipa uchungu. Mkutano wa Mei uliofanya uamuzi huu ulitangazwa siku 14 kabla. Walifika watu 12. Mkutano wa Septemba, tulioitisha mahususi ili wenye malalamiko wayaseme, haukupata akidi, na wale walioandika maneno makali zaidi kundini hawakuonekana. Wanachama 35 hawajalipa ada, nao ni pamoja na wanane waliokodi kamera ya chama mwaka huu kwa bei ya wanachama. Sikuwazuia, kwa kuwa nilijua baadhi yao walikuwa na kazi ya kulea familia, lakini siwezi kununua lenzi kwa huruma. Shilingi 2,100,000 zikilipwa, mfuko wa kamera utakaribia pale ulipokuwa kabla ya diski.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akijalia, kuendelea kuchangia kamera, kuomba nafasi kwenye tamasha la filamu Kampala, na kutafuta wahisani wa warsha ya sauti. Tunatumaini pia kurudi Majanji. Mzee hatutampata, lakini binti yake amekubali kuzungumza, na wavu ule anao.

Sanduku hufunguliwa kila Jumamosi, saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana. Hadi leo wamekuja wanachama tisa. Walio na kadi zenye picha za mwaka huu, hata zile mnazodhani hazifai, naomba mzilete kabla ya mwisho wa mwezi, zikiwa na karatasi yenye jina, mahali na tarehe. Namkaribisha mweka hazina asome hesabu.

Mwenyekiti