Kari isiyowasha ipo, usikate tamaa

Shosti wangu,

Umzima? Mi niko poa ila tangu siku ile roho haijatulia. Siku ile tunakula kari ukaacha sahani nusu, machozi yanatoka, masikio yamekuwa mekundu, mezani watu wanacheka eti unadeka, na mimi nikakukimbizia glasi ya maji nikidhani nakusaidia kumbe ndo nazidisha moto. Nisamehe kwa hilo. Nimekuja kusoma baadae kwamba kinachowasha kwenye pilipili kinaitwa kapsaisini, hakiyeyuki kwenye maji, kinataka mafuta, kwa hiyo maji yalikisambaza tu mdomo mzima. Ningekupa maziwa au vijiko viwili vya mtindi ungepata nafuu. Na wala hukuwa unadeka! Mishipa ya fahamu inayoshtuka ukila pilipili ndo hiyohiyo inayoshtuka ukiguswa na kitu cha moto wa nyuzi 43 na kuendelea, mwanasayansi David Julius alipewa Nobel mwaka 2021 kwa kazi hiyo. Ulivyosema unaungua ulikuwa unasema kweli.

Ila kilichoniuma zaidi ni pale uliposema "mi na kari basi". Hapana bwana. Wewe hupendi pilipili, hujawahi kukataa viungo, iliki unaipenda, mdalasini unaupenda, na manjano, giligilani, bizari nyembamba, vyote hivyo haviwashi hata kidogo. Hata India kwenyewe walipika michuzi ya viungo karne na karne kabla hizi pilipili hazijafika, maana asili yake ni bara la Amerika, Wareno ndo walizipeleka huko.

Sasa anza na korma. Mchuzi wake mzito, umetengenezwa na krimu au mtindi na lozi au korosho zilizosagwa, mara nyingine wanatia na nazi. Juzi nilifungua chupa ya mchuzi wa korma wa dukani nikalamba ncha ya kijiko, nikakaa nasubiri ule moto uje, haukuja, ikabaki iliki na utamu wa nazi. Nikakukumbuka hapohapo. Pasanda nayo ni ndugu yake, krimu na lozi.

Ukizoea hizo nenda kwenye butter chicken, ile ya nyanya, siagi, krimu na majani ya uwatu. Rangi yake itakutisha lakini rangi isikudanganye, wekundu mwingi unatoka kwenye nyanya na paprika, ule unga wa pilipili nyekundu isiyowasha, au pilipili ya Kashmir ambayo inapaka rangi kuliko inavyowasha. Wakati ile kari ya kijani ya Thailand ukiitazama imepoa kama mboga tu, kumbe imesagwa na pilipili mbichi, hiyo usiiguse kabisa. Ukitaka ya Thailand chukua massaman, ina tui la nazi, karanga, viazi na mdalasini, mara nyingi ni ya upole. Ya Kijapani pia nzuri, ile ya vipande kama chokoleti, tafuta iliyoandikwa amakuchi, ndo ya upole kabisa, nyingine wanatia tufaha na asali. Tikka masala ni bahati yako na aliyeipika. Madras, jalfrezi na vindaloo pita mbali.

Halafu zile picha za pilipili kwenye chupa usizitegemee sana, pilipili moja ya kampuni hii inaweza kuwa sawa na mbili za kampuni ile. Geuza chupa usome vilivyomo, nchi nyingi vinaandikwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo, ukiona krimu, nazi au korosho ziko juu na pilipili iko mwishomwisho chukua, ukiona pilipili imepanda juu rudisha. Na usimimine chupa nzima kabla hujaonja. Ikiwasha ongeza krimu au tui, mtindi nao sawa ila punguza moto wa jiko kwanza, mtindi usije ukakatika.

Jumamosi njoo, nakupikia korma mwenyewe na pilipili haitaingia jikoni siku hiyo. Niambie tu kama lozi na korosho zinakudhuru maana sikuwahi kukuuliza, zikikudhuru hiyo korma tunaiacha natafuta nyingine ya nazi tupu.

Wako anayekupenda