Jino la utotoni lisipong'oka, tusikimbilie koleo

Mhariri,

Binti yangu ana miaka 13 na bado ana gego moja la utotoni. Nilitaka ling'olewe, bahati daktari alitanguliza eksirei. Chini yake hapakuwa na kitu. Jino la ukubwani halikuumbika kabisa, hali ambayo mara nyingi hurithiwa. Kumbe la utotoni likiwa na mizizi imara laweza kumfaa miaka mingi. Ningeling'oa, angebaki na pengo.

Yanayokosekana zaidi ni magego ya mwisho, na kuyakosa si hasara (yangu yalinitesa!). Ila jino la mbele likichelewa zaidi ya miezi 6 baada ya mwenzake wa upande wa pili kuota, mzazi aombe picha.

Mama wa watoto wawili