Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Tuhesabu Visiki Kabla ya Magunia

Wanachama wenzangu,

Tumezoea taarifa hii ianze na hesabu ya magunia ya makaa. Safari hii kamati imeomba tuanze na visiki. Gunia linaonyesha tulichouza. Kama mathenge, mti vamizi tunaoukata kuchoma makaa, umepungua au la, utajua kwa kuangalia kisiki, na kusema kweli, mahali pengi tulipokata haukupungua.

Vijana wengi kati yetu wamezaliwa wakaukuta mti huu, hivyo tukumbushane kidogo. Asili ya mathenge (Prosopis juliflora) ni Amerika. Ulipandwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuzuia mmomonyoko na kuwapatia watu kuni. Kwa vipimo vya picha za setilaiti, mwaka 1988 ulikuwa umefunika hekta 882 za nyanda zetu za chini. Kufikia 2016 zilikuwa hekta 18,792. Mwaka 2006 Wailchamus, jamii ya wafugaji wa Baringo, walifikisha kilio chao dhidi ya mti huu mahakamani Nairobi, na mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda yake akiwa kielelezo. Mwaka 2008 serikali iliutangaza kuwa gugu hatari. Kazi ya kung'oa imebaki mikononi mwetu.

Nianze na kosa linalotugharimu zaidi. Mbegu ya mathenge ikiota, majani mawili ya kwanza hukaa kwenye kifundo kidogo karibu na udongo. Macho yote yanayoweza kuchipua yako kwenye kifundo hicho na juu yake. Chini yake ni mzizi mtupu usio na jicho. Miaka ikipita, tope la mafuriko na vumbi hukifukia kifundo, na macho nayo yanabaki ardhini. Mtu akikata kwa panga usawa wa goti, au hata usawa wa ardhi, ameyaacha salama. Baada ya mvua, palipokuwa na shina moja nene panasimama kichaka cha mashina membamba yenye miba, yasiyofaa makaa na yasiyopitisha hata mbuzi. Moto wa nyasi kavu nao hauyafikii macho hayo.

Kwa hiyo kisiki kichimbwe kwa sururu kukizunguka hadi kina cha sentimita 30, kisha mzizi mkuu ukatwe kwa shoka chini ya sehemu nene yenye mafundo. Tazameni mahali palipokatwa: kama bado pana mafundo na uvimbe, shukeni zaidi, mzizi ukiwa laini na umenyooka, mmefika. Kisiki kilichotolewa kisiachwe kimelala shimoni, kigeuzwe mizizi juu kikauke. Kazi hii ni rahisi udongo ukiwa na unyevu, na ni adhabu tupu wakati wa kiangazi. Hapo ndipo ratiba yetu ilipokosewa, kwa sababu tulikata wakati wa kiangazi makaa yakiwa na bei, tukaahidi kurudia visiki baadaye. Visiki vilichipua kabla hatujarudi.

Dawa ya triklopiri iliyochanganywa na dizeli inaua kisiki ikipakwa papo hapo baada ya kukata, kuzunguka ukingo wote na gome lililobaki. Ukisubiri hadi jioni, kidonda kimeshakauka na dawa haizami. Fuateni kipimo cha kwenye kibandiko. Kamati haitaki dawa hii itumike kandokando ya mifereji ya umwagiliaji ya Perkerra wala ufukweni mwa ziwa. Huko ni sururu tu.

Kuhusu maganda yenye mbegu za mathenge. Mbuzi na ng'ombe huyapenda kwa utamu wake, na mbegu hupita tumboni nzima, ikatoka kwenye kinyesi imelainika na iko tayari kuota. Ndivyo njia zetu za kwenda majini zilivyogeuka mistari ya mathenge. Mifugo iliyokula maganda ifungiwe bomani wiki nzima kabla ya kupelekwa kwenye malisho yaliyosafishwa. Yakisagwa, maganda ni chakula kizuri chenye protini, mradi yaanikwe mpaka yavunjike kwa mlio ukiyakunja. Yenye unyevu hugandamana kwa sukari na kuziba wavu wa mashine. Unga wake usizidi sehemu moja kwa tano ya chakula cha siku. Mnyama anayeshinda kwa maganda matupu huoza meno, na misuli ya taya hulegea hadi ashindwe kutafuna.

Na tafadhali, ua wa matawi ya mathenge usijengwe na matawi yenye maganda. Tumeona mara nyingi shamba likisafishwa, kisha likazungushiwa ua unaolipanda upya.

Ardhi iliyosafishwa ikiachwa wazi, mathenge hurudi kwa mbegu zilizo udongoni. Lazima nyasi ziwahi. Cenchrus ciliaris na Eragrostis superba zinafaa huku kwetu. Tumia takriban kilo 5 za mbegu kwa hekta, kwenye mifereji ya kina kifupi iliyokwaruzwa kabla ya mvua, zikifunikwa kwa udongo usiozidi sentimita 1. Mbegu ya Cenchrus iliyovunwa juzi hulala, kwa hiyo tumieni iliyohifadhiwa miezi sita au zaidi. Mifugo isiingie hadi nyasi zitoe mbegu msimu wa kwanza. Migunga iachwe imesimama.

Wiki ya tatu baada ya mvua piteni mkang'oe miche kwa mkono. Mche wa urefu wa kidole huwa tayari na mzizi mrefu kuliko shina. Ukikatikia juu ya kifundo, hamjafanya kitu.

Wengine wameuliza kuhusu wadudu wa kuushambulia mathenge. Afrika Kusini ilileta mbawakawa Algarobius prosopis mwaka 1987. Anakula mbegu, lakini mifugo huyawahi maganda kabla yake. Australia ilifanikiwa zaidi na nondo wa Evippe, aliyeachiliwa 1998, ambaye kiwavi wake hula majani. Kuingiza mdudu ni kazi ya serikali na watafiti, si ya chama.

Kamati inaleta pendekezo moja mpige kura. Malipo ya mkataji yagawanywe: nusu alipwe magunia yakitoka, nusu nyingine baada ya mvua, visiki vyake vikikaguliwa na kukutwa havijachipua. Tunajua litawaumiza wenye haja ya pesa za haraka, kwa hiyo tunaomba kila kikundi kitenge akiba ya kuwakopesha. Ukaguzi wa kwanza ufanyike wiki ya tatu baada ya mvua za Aprili kuanza, na kila kikundi kije na sururu yake.